Ki- na ka- mjini Lubumbashi: historia fupi ya viambishi vya ukubwa, udogo na dharau

Makala haya yanahusu viambishi vya nomino vinavyotumiwa kukuza, kudogosha na kutweza, kama vinavyosikika katika Kiswahili cha Lubumbashi, na yanauliza vilifikaje huko. Swali hili laweza kuonekana dogo mno kustahili kurasa za jarida. Lakini mtu aliyekulia Unguja au Dar es Salaam, akija kukaa na wenyeji wa Lubumbashi katika mtaa wa Hewa Bora au wa Katuba, hatachukua siku nyingi kabla ya kutambua jambo la kushangaza: kiambishi alichozoea kukitumia kupunguza kitu, huku kinakikuza, na zaidi ya kukikuza kinakitukana. Mgeni wa namna hiyo mara nyingi huhitimisha kwamba Wakongo wameiharibu lugha. Wenyeji wengi nao, hasa waliopita shuleni, humkubalia kwa unyonge. Dai letu ni kwamba hapakuharibika kitu. Viambishi hivyo ni kumbukumbu ya watu waliochimba shaba na kuujenga mji, na anayevifuta kwa kalamu nyekundu hufuta kumbukumbu hiyo pamoja navyo.

Kabla ya kufika Katanga, inafaa kuona jambo lenyewe lilivyo katika lugha nyingine, maana ukubwishi na udunishi si mali ya lugha za Kibantu peke yake. Kipolandi kwa mfano kina hazina kubwa ya viambishi tamati vya aina hii. Mbwa huitwa *pies*; ukiongeza kiambishi unapata *psisko*, yaani jibwa. *Baba*, ambalo kwa Kipolandi si mzazi wa kiume bali ni mwanamke, na ni neno lisilo na heshima nyingi tangu mwanzo, huwa *babsko*, na hapo dharau imekamilika. Mambo mawili katika mifano hii yatatusaidia baadaye. La kwanza ni kwamba ukubwa na dharau haviendi pamoja siku zote. Mpolandi humwita mbwa wake mzee *psisko* kwa huruma na mapenzi, ilhali *babsko* halina huruma yoyote ndani yake. La pili ni la kisarufi. Kipolandi kina jinsia tatu za nomino: ya kiume, ya kike, na ya tatu isiyo ya kiume wala ya kike. *Pies* ni ya kiume, *baba* ni ya kike. Lakini *psisko* na *babsko* zote zimehamishiwa katika jinsia ya tatu, na vivumishi na vitenzi vinafuata. Mwanamke anayetukanwa kwa neno hilo ameondolewa kisarufi katika jinsia ya wanawake. Labda si bahati tu kwamba mmoja wa wataalamu waliokuwa na sikio kali kwa Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, Rajmund Ohly, ambaye kamusi yake ndogo ya misimu ilitoka mwaka 1987, alikuwa Mpolandi.

Kiswahili cha mwambao hufanya kazi hiyo hiyo kwa kubadili kiambishi awali, yaani kwa kubadili ngeli. Wanasarufi wameieleza kwa muda mrefu: Steere aliigusia mwaka 1870 katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja, na Ashton akaipanua mwaka 1944. Ngeli ya ji-/ma- hukuza: mtu huwa jitu, nyoka huwa joka, nyumba huwa jumba, mbuzi huwa buzi, na ndege huwa dege. Ngeli ya ki-/vi- hudogosha: mto huwa kijito, nyumba huwa kijumba, mlima huwa kilima, mji huwa kijiji. Baadhi ya maneno haya yamezoeleka hata udogo wenyewe umesahaulika. Hakuna mkazi wa kijijini anayehisi kwamba anataja mji mdogo. Kikapu nacho kimekuwa jina la kawaida, na kapu ndilo linaloonekana kama limekuzwa.

Hata hivyo, kanuni hii iliyonyooka inapinda pale inapofika kwa binadamu. Jitu ni mtu mkubwa kupita kiasi, na mara nyingi ni mtu mbaya. Lakini kijitu pia ni tusi, nacho ni kidogo. Kizee si neno la heshima. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete na kibogoyo yote yako katika ki-, wala si kwa sababu watu hao ni wafupi. Inaonekana basi kwamba kinachotweza si kipimo cha mwili. Mtu ana ngeli yake, ya m-/wa-, na kumtoa humo kumpeleka ngeli nyingine yoyote, ya juu au ya chini, ni kumpunguzia utu. Ushahidi upo katika upatanisho. Lugha ina adabu ya kumrudishia binadamu upatanisho wake hata jina lake likiwa katika ki-: twasema kipofu amefika, viongozi wamefika, vijana wanasoma. Anayetaka kutukana huiondoa adabu hiyo na kusema: kijitu kile kimekuja tena. Tusi liko katika kitenzi kuliko katika jina. Katika hili Mswahili na Mpolandi wamekutana bila kujuana.

Sasa tuje Katanga. Kiswahili kilifika huko kabla ya Wabelgiji. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Unyamwezi, alianzisha utawala wake katikati ya karne ya 19, makao yake yakawa Bunkeya, na misafara ya pembe na shaba iliiunganisha nchi hiyo na mwambao wa mashariki. Aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, ambao wapagazi wake wengi walikuwa wameajiriwa Unguja. Lakini kutoka Kiswahili cha Bunkeya hadi Kiswahili cha mji wa leo si njia moja iliyonyooka. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wa Elisabethville, ambao uliitwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Reli hiyo ilileta Waingereza na Makaburu, na pamoja nao lugha ya amri ya migodi ya kusini, yaani Kifanagalo. Wafanyakazi wengi wa kwanza waliandikwa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia, na miongoni mwao Kibemba kilikuwa na nguvu.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha kwamba kukua kwa Kiswahili katika Katanga hakukuwa jambo la bahati wala la biashara tupu. Wabelgiji waliiogopa nguvu ya Kiingereza katika jimbo ambalo reli yake, makaa yake na wahandisi wake vilitoka upande wa Waingereza. Kiswahili kilikuwa lugha iliyokwisha kuwapo, iliyofaa kazini, na ambayo haikutoka kusini. Katika miaka ya 1920 kampuni ilianza kutafuta watu ndani ya Kongo yenyewe na katika Ruanda-Urundi: Waluba wa Lomami, Waluba wa Kasai, na wengine. Mwaka 1928 mambo mawili yalitokea yenye uzito kwa historia yetu. Reli ya kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo huitwa Ilebo, ilikamilika, ikaiunganisha Kasai na migodi. Na katika kipindi hichohicho kampuni ilishika kwa dhati siasa ya kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja, yaani kumpa mkataba mrefu na kumruhusu akae kambini na mke na watoto.

Jambo hili la pili halijapewa uzito unaostahili na wanaisimu. Lugha ya amri haihitaji kiambishi cha mapenzi. Mnyapara anayetaka toroli lisukumwe hana haja ya kuliita toroli dogo au toroli lenye kuchukiza. Viambishi vya udogo, huruma na dharau ni viambishi vya uani na jikoni, vya mama anayembembeleza mtoto na vya majirani wanaosutana. Kwa hiyo tunapovikuta vimejaa katika lugha ya mji, tunapaswa kuwatafuta walioleta nyumba, si walioleta kazi. Tunadhani kwamba wanawake waliofika kambini baada ya mwaka 1928, na watoto waliozaliwa humo bila kijiji cha kurudi, ndio walioiumba sehemu hii ya sarufi. Hatuna daftari la kambi linalosema hivyo, na wala si jambo ambalo karani angeliandika. Lakini umbo la lugha lenyewe linaelekeza huko.

Tulitazame basi umbo hilo. Ngeli za Lubumbashi hazina wa- wala vi- za mwambao, zina ba- na bi-: muntu, bantu, kintu, bintu. Udogo huonyeshwa kwa ka- na wingi wake tu-: katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba, kantu, tuntu, na kivumishi hufuata, kadogo, tudogo. Jozi hii ya ka-/tu- ni ya kale sana katika lugha za Kibantu. Kiswahili cha mwambao kiliipoteza na kuipa ki- kazi yake. Lugha za Katanga na za jirani hazikuipoteza: Kiluba, Kisanga, Ciluba ya Kasai, na Kibemba chenye aka-/utu-. Sasa, ikiwa ka- inafanya kazi ya udogo, ki- ya udogo haina kazi tena. Na katika lugha hizohizo ki- (au ci-) inapotiwa juu ya jina lililo katika ngeli nyingine huleta ukubwa, na pamoja na ukubwa huleta ubaya. Ndiyo maana mjini Lubumbashi kimuntu ni mtu mkubwa asiyependeza, mtu wa kutisha au wa kudharauliwa. Angalia pia kwamba kiambishi mu- hakikuondolewa. Ki- kimepandishwa juu yake. Haingewezekana vinginevyo, maana kintu tayari ni kitu. Mwambao huondoa kiambishi cha zamani na kuweka kipya, m-tu, ji-tu. Mji wa shaba huvibebanisha viwili. Kapanga, na baadaye Ferrari, Kalunga na Mulumbwa katika sarufi yao ya mwaka 2014, wameieleza mifumo hii kwa kirefu, na msomaji anayetaka maelezo kamili ya ngeli atayakuta huko.

Na ji-/ma- je? Ji- ya ukubwa haikushika mizizi. Ma- imebaki, lakini imekuwa kiambishi cha wingi tu, kiasi kwamba manyumba ni nyumba nyingi, si lazima ziwe kubwa. Mtu wa pwani anayesikia neno hilo huhisi majumba, akashangaa anapoonyeshwa safu ya vibanda. Kijiji nacho, ambacho kilikuwa mfano wetu mzuri wa udogo uliosahaulika, hakitumiki katika mazungumzo ya kawaida. Watu husema mugini. Pengine ni bora hivyo, kwa kuwa lugha ambayo ki- yake hukuza ingepata taabu kueleza kwa nini mji uliokuzwa ni mdogo.

Haifai kudhani kwamba kila ki- ni tusi. Kiti, kitanda, kitabu na wingi wake bitabu, vyote viko katika ngeli hii bila ubaya wowote, sawa na mwambao. Tusi hutokea pale jina lenye ngeli yake linapovutwa kutoka humo. Wala si kila ka- ni ya mapenzi. Kamuntu laweza kuwa mtu mfupi, laweza kuwa mtu mnyonge anayehurumiwa, na laweza kuwa mtu asiye na maana yoyote. Sauti na hali ndizo zinazoamua. Hapa tena twarudi kwa jibwa la Mpolandi. Waganda, tukipita kwao kwa haraka, wamechagua njia yao wenyewe: *omusajja*, mwanamume, akidharauliwa kwa ukubwa wake huwa *ogusajja*, kwa kiambishi ambacho Kiswahili hakina kabisa. Nairobi nayo ina ka-/tu- iliyotoka kwa Wakikuyu na Wakamba, na vijana wa huko wanaitumia mchana kutwa. Lubumbashi si kisiwa.

Mjadala mkubwa kuhusu Kiswahili hiki ulihusu asili yake. Edgar Polomé, ambaye alifundisha na kufanya utafiti mjini humo, alitoa maelezo yake mwaka 1968, na mwaka 1971 alikiweka katika kundi la krioli, yaani lugha iliyozaliwa kutokana na pijini ya kazini. Hoja yake ilikuwa na msingi: upatanisho wa ngeli umepungua, vitu vingi vimesawazishwa. Mwamba Kapanga, katika tasnifu yake ya mwaka 1991 na katika maandishi yaliyofuata, alikataa. Kwake yeye, hapakuwa na hatua ya pijini; palikuwa na watu wenye lugha za Kibantu waliojifunza lugha nyingine ya Kibantu na kuingiza humo mazoea yao. Sisi twaona kwamba viambishi tunavyovizungumzia vinampa Kapanga nguvu zaidi kuliko alivyodai mwenyewe. Pijini hupoteza; hiyo ndiyo tabia yake. Kitu cha kwanza kupotea ni viambishi vya hisia, kwa sababu kazi yaweza kwenda bila hivyo. Lubumbashi haikupoteza udogo na ukubwa wa mwambao na kubaki mikono mitupu. Iliupokea mfumo wenye jozi mbili, ikaujenga upya kwa jozi mbili nyingine, na ikauongezea ngeli ambayo mwambao ulikuwa umeizika karne nyingi zilizopita. Hiyo si kazi ya mtu aliyeshindwa kujifunza lugha.

Lakini hoja za wanaisimu hazikufika darasani. Mwaka 1930 ilianzishwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza, nayo ikasanifisha Kiswahili kwa kufuata Kiunguja. Kongo haikuwa mwanachama. Wamisionari wa Kongo walikuwa na vitabu vyao. Mwaka 1928 Whitehead alichapisha huko Wayika, kwenye mto Lualaba, kitabu cha Kingwana, jina walilokipa Kiswahili cha Kongo. Hata hivyo, polepole kile Kiswahili cha vitabu vya mashariki kikawa kipimo cha shule na cha kanisa. Wenyeji wa Lubumbashi hukiita Kiswahili bora. Neno hilo linastahili kuangaliwa. Mwenye kusema kuna Kiswahili bora amekwisha kusema kwamba kile anachozungumza na mama yake si bora. Jina la mtaa wa Hewa Bora limejengwa kwa neno hilohilo. Hewa, neno lenye asili ya Kiarabu, na bora, neno lisilobadilika kwa ngeli yoyote: ni jina la Kiswahili cha vitabu tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, halina ka-, halina bi-. (Kulikuwa pia na shirika la ndege lenye jina hilo, lililoacha kuruka mwaka 2011, hilo halimo katika mada yetu.) Mtaa umevaa jina la lugha bora, na watu wake wanazungumza ile nyingine.

Matokeo yake katika masomo ni ya kweli, si ya nadharia. Mwanafunzi anakutana na kitoto katika kitabu cha hadithi. Mwandishi wa kitabu, mtu wa mashariki, alikusudia mtoto mchanga wa kuhurumiwa. Sikio la mwanafunzi linasikia ki- iliyowekwa mahali pa mu-, na huko nyumbani ishara hiyo si ya huruma. Akiandika katoto anasahihishwa. Akiandika kitoto kama alivyoambiwa, anahisi kwamba amemtukana mtoto. Mwalimu ambaye hajui historia hii ataona kosa la ngeli. Mwalimu anayeijua ataweza kusema kwamba kuna mifumo miwili, kila mmoja una watu wake, na mtihani unahitaji mmoja wao. Tofauti ya walimu hao wawili ni dakika tano za maelezo, lakini kwa mtoto ni tofauti ya kuambiwa kwamba nyumbani kwao kuna lugha au hakuna.

Nje ya shule lugha ya mji imejitetea yenyewe. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu kilitoa historia ya mji iliyoandikwa na André Yav, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila kumwomba ruhusa mwalimu yeyote; Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, Walter Schicho akisaidia upande wa isimu. Kundi la maigizo la Mufwankolo nalo limewachekesha watu redioni na katika televisheni kwa miongo mingi kwa lugha hiyohiyo. Katika maigizo ya aina hiyo viambishi vya ukubwa na dharau ndivyo chumvi. Mchekeshaji asiyeweza kumgeuza bwana mkubwa akawa kimuntu hana kazi ya kufanya jukwaani.

Kuna maneno mawili ya ngeli hizi ambayo yalitoka nje ya mji na kuingia katika historia ya nchi nzima, na bila hayo makala haya yangebaki ya kisarufi tu.

La kwanza ni kadogo. Vita vilivyomwondoa Mobutu vilianza mashariki mwaka 1996, vikiongozwa na Laurent-Désiré Kabila, mtu mwenye asili ya Katanga. Jeshi lake lilikuwa na watoto wengi, na watoto hao waliitwa kadogo. Liliingia Lubumbashi mwezi Aprili 1997 na Kinshasa tarehe 17 Mei. Neno hilo likaingia katika Kifaransa cha magazeti, likapewa wingi wa Kifaransa, na kwa njia hiyo kiambishi cha ka- kikasomwa Paris na Brussels na watu wasiojua kwamba ni kiambishi. Katika Kiswahili cha mwambao mtoto ni mdogo, na kitu ni kidogo. Kadogo si sarufi ya vitabu. Ni neno la nyumbani, la mama, linalobeba huruma ndani yake, nalo liliwekwa juu ya mtoto mwenye bunduki ndefu kama yeye. Huruma hiyo ilifanya kazi ya kisiasa: mtu anayeitwa kadogo haogopwi kama askari wala haulizwi kama mtuhumiwa, na aliyemtoa kwao haonekani kuwa ametenda ubaya mkubwa. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila alipigwa risasi ofisini kwake na mmoja wa walinzi wake, aliyetajwa kuwa alitoka miongoni mwa kadogo hao.

La pili ni bilulu. Kilulu ni mdudu. Mwambao unamweka mdudu katika ngeli ya viumbe, m-/wa-, na unasema wadudu. Lubumbashi inamweka katika ki-/bi-, pamoja na vitu. Mwaka 1992, mvutano wa kisiasa wa Zaire ulipopamba moto baada ya Étienne Tshisekedi kuchaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa mwezi Agosti, watu wenye asili ya Kasai waliokuwa wakiishi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, walianza kushambuliwa na kufukuzwa. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na kampuni, na hawakuwa wameiona Kasai kwa macho. Katika kampeni ya chuki iliyowalenga waliitwa bilulu. Kutoka Likasi, na mwaka 1993 kutoka Kolwezi, familia zilikaa kwa majuma na miezi katika vituo vya reli zikisubiri treni, na wengi walifia hapo au njiani. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa malaki.

Mwanaisimu akilitazama neno hilo ataona utaratibu uleule tuliouona katika *babsko* na katika kijitu: mtu ametolewa ngeli ya watu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna jina la mtu lililobadilishwa kiambishi. Jina zima limebadilishwa, na wingi wa bi- umekuja pamoja nalo. Ba- ni kiambishi cha wingi wa watu. Bi- ni cha vitu, na cha vile vikubwa vibaya. Bi- hiyo haikutoka mwambao, maana mwambao husema vi-. Ilitoka katika lugha za watu waliojenga mji, na Ciluba, lugha ya mababu wa hao waliokuwa wakingoja treni Likasi, ni mojawapo ya lugha hizo: ci- kwa umoja, bi- kwa wingi.